Babu alipigana Burma, mbona nyota yake inasema Afrika? Wenye medali za wazee tukutane hapa

#1 Mjukuu wa Nansio
Wakuu, salaam. Bibi yetu mzaa baba alifariki mwaka jana, tukamzika huko huko Ukerewe. Wiki iliyopita familia imefungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya vitenge na risiti za pamba za ushirika, kulikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa mafundo mawili. Ndani mna nyota mbili zenye pembe sita, rangi ya manjano iliyofifia, na medali moja ya mviringo, nyeupe, yenye simba.

Nyota moja imeandikwa THE AFRICA STAR, nyingine THE 1939-1945 STAR. Katikati ya zote kuna herufi GRI na VI. Nimezigeuza nyuma, pembeni, kila mahali, sijaona jina la babu. Sisi wajukuu tumekua tukiambiwa babu alipigana Burma dhidi ya Wajapani. Babu alifariki 1971, sikumkuta. Sasa mbona hakuna nyota ya Burma? Na mbona hazina jina? Naombeni msaada kabla ya Jumapili, maana baba mdogo amepata mtu mjini anayetaka kuzinunua zote tatu kwa elfu themanini.

#2 Kamanga Feri
Nimeweka kigoda mbele kabisa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Makoroboi
Mleta uzi, kwanza kabisa: USIZISUGUE. Najua kuna mtu nyumbani kwenu ameshatafuta limau na majivu. Mwambie aache. Nimefanya kazi ya usonara miaka 26, na kila mwezi analetwa mzee au mjukuu na kitu kilichosuguliwa hadi maandishi yameondoka. Ukungu ule wa juu ndio umri wake.

Pili, usidanganywe kwamba ni dhahabu. Hizo nyota ni shaba iliyochanganywa na zinki. Hiyo ya mviringo ya simba ni shaba na nikeli, siyo fedha. Ukiziyeyusha hupati kitu. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na kwa kuwa hazina jina, hata huko Uingereza hazina bei ya kutisha. Anayetoa elfu themanini anajua atampata mtu wa kumuuzia zaidi, lakini siyo utajiri. Utajiri ni kwamba bibi alizifunga mafundo mawili miaka yote hiyo.

#4 Mwalimu wa Nyakato
Fundi amesema vizuri. Naongeza kuhusu majina. Medali za vita ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, ziliandikwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Vita ya pili ilipokwisha serikali ya Uingereza iliamua nyota zake zitolewe bila jina. Kwa hiyo kutokuwa na jina siyo dalili kwamba babu hakuwa mwenyewe. Ni utaratibu wao.

Africa Star ilitolewa kwa waliotumikia kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943, Afrika Kaskazini, na pia Uhabeshi, Somalia na Eritrea walikopigana na Mtaliano. Utepe wake ni rangi ya mchanga wa jangwani, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja wa kukolea na mwingine wa kupauka. Burma Star ni nyota nyingine kabisa, ya kuanzia Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Hiyo ya mviringo yenye simba aliyekanyaga joka la vichwa viwili ni War Medal, walipewa karibu wote waliotumikia walau siku 28.

Tafsiri yangu ya haraka: babu alikwenda Uhabeshi. Burma hakufika.

#5 Mjukuu wa Nansio
Mwalimu asante. Utepe mmoja umebaki, rangi ya mchanga na nyekundu katikati, vile vile ulivyosema. Lakini hiyo tafsiri ya mwisho imeniuma kidogo. Shangazi amehadithia Burma maisha yake yote.

#6 Samaki wa Igombe
Mwalimu umekimbilia hukumu. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alihamishwa hamishwa. Mtu aliweza kuwa Uhabeshi 1941 na Burma 1944. Hiyo nyota ya Burma inaweza kuwa ilipotea, iliuzwa, mtoto alichezea ikaangukia ziwani. Nani anajua? Kukosekana kwa kitu sandukuni siyo ushahidi.

#7 Mama Sangabuye
Naungana na Samaki. Pia wazee wengi hawakupewa zote. Babu yangu mzaa mama aliitwa bomani, wakapanga mstari, wakapewa medali na kupigiwa makofi. Yeye siku hiyo alikuwa anaumwa, hakwenda, na hakufuatilia tena. Alikuwa akisema kutembea siku mbili kufuata chuma ni kazi ya mtu asiye na shamba. Alikufa bila hata moja, na Burma alifika kweli, mguu wake ulikuwa na kovu la huko.

#8 Mtoto wa Sengerema
Tukiwa hapo hapo: kuna yule Leakey wa mafuvu ya Olduvai, nasikia ndiye alipata Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, akiwa na askari wetu wa Tanganyika huko Uhabeshi. Kama babu wa mleta uzi alikuwa kikosi hicho basi ni historia kubwa.

#9 Mwalimu wa Nyakato
Mtoto wa Sengerema, umechanganya ndugu wawili. Wa mafuvu ni Louis Leakey. Aliyepata Msalaba wa Victoria ni Nigel Leakey, binamu yake, sajini wa kikosi cha 1/6 cha Keya (yaani kikosi cha kwanza cha 6 KAR), ambacho kweli kilikuwa cha Tanganyika. Ilikuwa Kolito, Uhabeshi, 19 Mei 1941. Vifaru vya Mtaliano viliwatokea, akakipanda kimoja kwa mikono yake akakiteka, akaenda kufuata vingine, hakurudi. Nishani ilitangazwa 1945, akiwa marehemu wa miaka minne.

Mimi nikisimulia hili huwa najiuliza askari Waafrika waliomfuata siku ile walikuwa akina nani. Yeye tuna jina lake, tarehe na mahali. Wao tuna "askari".

#10 Kamanga Feri
Hapo mwalimu umenifunga mdomo.

#11 Binti Igoma
Sisi kwetu hata nyota hatuna. Babu wa baba yangu alichukuliwa upagazi vita ya kwanza, wakati Mwingereza alipoingia Mwanza 1917. Kilichobaki ni kibati cha duara chenye namba na tundu la kamba. Namba tu. Baba anakivaa siku za misiba kama cheni.

#12 Mwalimu wa Nyakato
Binti, ni 1916. Mwanza ilitekwa Julai 1916, baada ya Ukerewe kutekwa Juni mwaka huo huo. Bukoba ilivamiwa mapema zaidi, Juni 1915, ila waliondoka tena. Hicho kibati msikivae mvuani. Hao wapagazi ndio walioipa Kariakoo ya Dar jina lake, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 huenda hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na sehemu kubwa ni wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo namba ya kibati chako inaweza kuwa ndiyo maandishi pekee ya mtu huyo yaliyobaki duniani.

#13 Binti Igoma
Nimemsomea baba. Amekivua, amekifunga kwenye leso. Wabeja mwalimu.

#14 Fundi Makoroboi
Niseme kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Hizo za vita ya kwanza, za fedha halisi, zenye mtu juu ya farasi. Marehemu baba yangu aliyeniachia meza hii aliziyeyusha. Siyo moja. Watu walileta wenyewe, wanataka bangili ya harusi au hereni za binti anayekwenda shule ya bweni. Nilikuwa kijana, nikishika kijiko cha moto, nikiona jina la mtu ukingoni linalainika, linapinda, linazama. Nakumbuka moja jina lilianza na "Masa", sikuwahi kumaliza kulisoma. Masanja? Masalu? Kuna mwanamke mahali fulani mkoa huu amevaa bangili ambayo ni mtu. Ndiyo maana nilianza na herufi kubwa pale juu.

#15 Mama Sangabuye
Fundi, pole. Hukuwa na namna.

#16 Mzee Keya wa Pili
Nimefika. Baba yangu alikuwa Keya, 36, Burma. Naomba niseme niliyoyasikia kwake. 36 asili yake ni 3/6, yaani kikosi cha tatu cha 6 KAR, baadaye wakakiita 36. Walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walishuka bonde la Kabaw mvua zikiwa zimefunguka, 1944, magari yanazama hadi kwenye usukani, wanasukuma kwa mabega. Desemba walifika Kalewa kwenye mto Chindwin. Baba hakusimulia kuua mtu hata siku moja. Alisimulia tope, ruba, na homa.

Yeye Burma Star anayo, na Africa Star hana, maana aliandikishwa 1943 mwishoni. Kwa hiyo mtu mwenye Africa Star bila Burma Star, mimi namwona ni wa kikosi cha zamani, cha 1/6. Na hao 1/6, baada ya Uhabeshi, walipelekwa Madagaska mwaka 1942.

#17 Mtoto wa Sengerema
Basi jibu limepatikana. Africa Star aliipata Madagaska. Madagaska ni Afrika.

#18 Mwalimu wa Nyakato
Hapana. Africa Star haikuhusu Madagaska. Vita ya Madagaska ilihesabiwa kwenye ile 1939-1945 Star, kuanzia 5 Mei hadi 5 Novemba 1942. Lakini mleta uzi anazo zote mbili, kwa hiyo hoja ya Mzee Keya inasimama: Uhabeshi kisha Madagaska. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga Septemba 1942, ikasukuma kusini hadi Wafaransa wa Vichy, wale wa serikali iliyoshirikiana na Mjerumani, wakasalimu amri Novemba.

#19 Mjukuu wa Nansio
Subirini kidogo. Nimempigia shangazi sasa hivi. Nimemuuliza: bibi alisema Burma kwa mdomo wake? Amenyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mama alikuwa anasema baba yenu alivuka maji siku nyingi akaenda Buki. Shuleni mwalimu akatuambia huyo bibi anakosea, ni Burma." Yaani Burma ilitoka kwa mwalimu wa shule ya msingi!

#20 Mzee Keya wa Pili
BUKI! Mjukuu, Buki au Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la Madagaska! Wazee wa pwani wanalijua. Bibi hakukosea. Bibi alikuwa sahihi kuliko mwalimu.

#21 Kamanga Feri
Nimesimama kabisa kwenye kigoda.

#22 Samaki wa Igombe
Mimi bado. Bibi wa Ukerewe, Mkerewe, angelijulia wapi neno la pwani? Buki kwake inaweza kuwa Bukoba kwa kifupi. "Kuvuka maji siku nyingi" ni ziwa. Vita ya kwanza meli za Mwingereza zilizunguka ziwa hili zima.

#23 Binti Igoma
Samaki, neno hakulitoa kwake, alilitoa kwa mume wake. Na mume alikaa kambini miaka na Waswahili wa Tanga na Mombasa. Hata sisi baba akitoka Dar anarudi na maneno. Halafu Bukoba tangu lini ikawa siku nyingi? Hata kwa mtumbwi.

#24 Samaki wa Igombe
Kwa mtumbwi wenye mzigo na upepo mbaya nakuhakikishia ni siku nyingi. Wewe wa Igoma unapanda basi.

#25 Binti Igoma
Na wewe wa Igombe unasubiri dagaa wakufuate. Haya tuendelee.

#26 Mtoto wa Sengerema
Na kuna uwezekano hazikuwa za babu. Kwetu mzee mmoja alirudi na medali mbili za rafiki yake wa Ukara aliyekufa kwenye meli iliyozamishwa na Wajapani. Alitafuta ndugu hakuwapata, akazitunza. Alipokufa na yeye, watoto wake wakasema ni zake.

#27 Mwalimu wa Nyakato
Kama ni meli iliyozamishwa na Wajapani, basi inawezekana ni Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi karibu na Maldivi 12 Februari 1944, wakafa watu takriban 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ila medali hizi zilitolewa baada ya vita. Rafiki wa mtu aliyezama 1944 asingekuwa na medali za marehemu mfukoni. Labda alizichukua baadaye kwa niaba yake. Hapo hadithi ya mzee wenu inahitaji kuulizwa upya, siyo kutupwa.

#28 Mstaafu wa Kirumba
Wakuu, mimi ni wa vita ya Kagera, ya 1978. Tunazungumza Burma na Buki, vita iliyopita juu ya vichwa vyetu Mwanza hatuitaji. Nilivuka Kagera, nilifika Masaka, nilifika Kampala Aprili 1979. Sisi jeshini tunasema nishani, siyo medali. Ninayo, naivaa tarehe 25 Julai na 1 Septemba. Wajukuu zangu huwa wananiuliza umeua wangapi. Siku hizi nawaambia habari ya daraja la Kyaka lililovunjwa, na namna ya kuvuka mto usiku na bunduki juu ya kichwa. Wanatulia.

Kinachoniuma ni wanamgambo. Tulikuwa nao kwenye handaki moja, wakulima kutoka Geita na Magu, wengine viatu hawana. Vita ikaisha wakarudi mashambani. Ninamjua mmoja, jirani, anabeba risasi kwenye paja mpaka leo, kifuani hana kitu. Kila nikivaa yangu huwa napita nyumbani kwake kwanza, ananifungia kifungo cha juu.

#29 Mama Sangabuye
Mzee shikamoo. Mama yangu alikuwepo Mwanza ndege ya Libya ilipokuja. Anasema walikimbilia chini ya meza.

#30 Mwalimu wa Nyakato
Tarehe 29 Machi 1979. Ndege aina ya Tupolev, ya Gaddafi aliyekuwa akimsaidia Amin, ililenga ghala la mafuta. Ikakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua swala.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nani anaamini nini, niwape kisa kinachosimuliwa kuhusu mji wetu. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu vita ya kwanza, walipwe malimbikizo. Ofisi ya malipo ikafunguliwa hapa Mwanza. Wakaja wazee kama 350. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walishika vipande vya sare. Inasemekana mtu wa benki akapata wazo: kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani atekeleze gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa.

#31 Samaki wa Igombe
Mwalimu, hiyo naisikia kila mahali na kila mahali imekaa vizuri mno. 350, hata mmoja asikosee? Baada ya miaka 46? Mzee wa goti bovu je?

#32 Mstaafu wa Kirumba
Samaki, hujawahi kupigishwa kwata. Mimi nina miaka sabini na kitu, mke wangu akisema "Geuka!" nikiwa nafagia uani, kisigino kinagonga chenyewe. Mimi ninaiamini.

#33 Mzee Keya wa Pili
Mimi naamini nusu. Naamini mafagio. Sipendi tu kwamba mtu aliyepigana miaka minne alitakiwa kucheza na ufagio mbele ya karani ili aonekane hasemi uongo.

#34 Fundi Makoroboi
Hapo Mzee Keya umegusa. Cheti kinaoza, medali inayeyuka, mtu anabaki na mikono yake.

#35 Mjukuu wa Nansio
Wakuu, nimevuka jana kwenda Nansio, nimerudi leo. Habari tatu.

Kwanza, haziuzwi. Nilimsomea baba mdogo posti ya fundi kuhusu lile jina lililozama. Amezirudisha kwenye kanga mwenyewe, akafunga mafundo mawili.

Pili, shangazi amesisitiza ni Buki, siyo Bukoba, kwa sababu bibi alikuwa na dada Bukoba na aliiita Bukoba.

Tatu, hii imenichanganya upya. Shangazi anasema babu alipokuwa akiingiza ng'ombe zizini jioni alihesabu kwa lugha ya ajabu: "ek, do, tin". Nimetafuta, ni Kihindi. Sasa Kihindi amekitoa wapi kama siyo India na Burma?

#36 Kamanga Feri
Kwenye duka la Mhindi la Nansio. Kesi imekwisha.

#37 Dukani Barabara ya Liberty
Huwa nasoma tu, leo niandike. Familia yetu ina duka Mwanza tangu enzi ya babu yangu. Wenye maduka wengi wa huku walikuwa Wagujarati na Wakachi. Kigujarati ni "ek, be, tran". Kikachi ni "hekdo, ba, tre". "Ek, do, tin" ni Kihindi au Kiurdu, lugha ya jeshi la India. Dukani kwetu asingeisikia.

#38 Samaki wa Igombe
Nawaambia kila siku, Burma!

#39 Mwalimu wa Nyakato
Taratibu. Uhabeshi na Eritrea mwaka 1941 kulikuwa na Divisheni za 4 na 5 za India. Askari wetu walipanda kutoka kusini, Wahindi wakashuka kutoka kaskazini, wote dhidi ya Mtaliano. Kuhesabu hadi tatu mtu anajifunza kwenye foleni ya chakula.

#40 Mzee Keya wa Pili
Baba yangu wa Burma alihesabu mpaka ishirini, na matusi juu. Mjukuu, muulize shangazi babu alifika ngapi. Ila usimtajie wewe "char, panch", atakufuata tu kama alivyomfuata yule mwalimu wa shule. Mwache aanze mwenyewe, umsikilize atakapoishia.

#41 Mjukuu wa Nansio
Nimejaribu mara tatu, simu yake haipatikani. Nansio umeme umekatika tangu mchana. Nitampigia kesho asubuhi kabla hajatoa ng'ombe.